Lango Lililosimama Baharini, na Watu Waokotao Chaza

Kuna maneno mawili yasemwayo juu ya picha, nayo hayapatani. Wengine husema kwamba kila picha iliyo njema ina maana iliyofichwa ndani yake kama kiini ndani ya kokwa, na asiyeivunja kokwa hakula kitu. Wengine husema picha ni picha tu: mtu aliona mlima akauchora mlima, aliona mashua akaichora mashua, na hao watafutao maana ni kama wapiga ramli, waonao safari na adui katika mchanga uliotulia. Sisi twapenda kulipima jambo hili kwa picha moja, maana mabishano juu ya picha zote kwa jumla hayana mwisho, lakini mabishano juu ya picha moja huweza kufika mahali.

Picha yenyewe ni ya Japani. Aliichora mzee aitwaye Katsushika Hokusai, aliyezaliwa mwaka 1760 akafa mwaka 1849, nayo ni moja katika mfululizo uitwao Mandhari Thelathini na Sita ya Mlima Fuji. (Jina lasema thelathini na sita, lakini picha zile zilipendwa mno hata zikaongezwa kumi nyingine, zikawa 46, na jina likaachwa vile vile.) Zilianza kutolewa karibu na mwaka 1830, naye Hokusai alikuwa na umri wa miaka 70 hivi. Hii yetu huitwa kwa jina la mahali, yaani Ufuo wa Noboto.

Maji yamekupwa. Katika maji haba yaliyosalia yamesimama malango mawili, moja kubwa na moja dogo. Usidhani ni malango kama ya boma letu. Kila lango ni nguzo mbili tu, na juu yake boriti mbili zimelazwa. Halina mlango wa kufunga wala kufungua, wala ukuta kushoto wala kuume. Ni lango pasipo nyumba. Wajapani huliita torii. Chini yake na pande zote wako watu wa kawaida wa pwani, wameinama, wanachokoa chaza kwa mikono. Wengine wamekwisha kupata, wanachukua vikapu. Na huko mbali ng'ambo ya ghuba, kwa kupitia katikati ya nguzo za lango lile kubwa, waonekana mlima Fuji, mdogo kama kichuguu.

Ni hayo tu. Hapana vita, hapana mfalme, hapana ajali.

Kabla ya kuuliza maana yake yafaa kujua jinsi kitu hiki kilivyotengenezwa, kwa kuwa wengi wakisikia habari za picha mashuhuri hudhani ya kwamba ni kitu kimoja kilichotundikwa katika jumba la tajiri. Sivyo. Hii ni picha ya chapa. Mchoraji huchora kwa brashi juu ya karatasi nyembamba. Karatasi ile hubandikwa kifudifudi juu ya ubao wa mcheri, na fundi mwingine, mchonga ubao, hukata kwa kisu kuufuata mstari, hata mchoro wa kwanza ukaharibika pale pale. Kisha kila rangi hukatiwa ubao wake, na fundi wa tatu hupaka rangi, hulaza karatasi, husugua kwa mkono, akarudia hivyo kwa kila rangi pasipo kukosea nafasi hata kidogo. Katika mfululizo huu ile rangi ya buluu ilitumika sana, nayo ilikuwa mpya huko: iligunduliwa mjini Berlin mwanzoni mwa karne ya 18, ikaletwa Japani kwa merikebu za biashara. Karatasi moja ina upana wa sentimita 38 hivi na urefu wa 25 au zaidi kidogo, na bei yake katika mji wa Edo, ambao leo ni Tokyo, haikuzidi sana bei ya chakula cha tambi. Fundi seremala aliweza kuinunua. Mtumishi wa duka aliweza. Ilikuwa kama zile picha za kalenda tuzibandikazo ukutani, ambazo mwaka ukiisha twafungia sukari.

Basi je, ina ishara, au haina?

Twasema inazo, wala hazikufichwa. Hapa ndipo kosa la wale wa kwanza. Mtu wa Edo alipouona mlima Fuji katika picha hakuhitaji mwalimu wa kumfunulia. Mlima huo una urefu wa mita 3,776, huonekana mbali sana, na mara ya mwisho kutoa moto na majivu ilikuwa mwaka 1707, habari ambayo babu zao walikuwa wameihadithia. Jina lake lakaribiana kwa sauti na neno lao la kutokufa, na hadithi yao ya kale yasema dawa ya uzima iliteketezwa juu ya kilele chake. Watu wa mji walifanya vyama vya kuupanda: walichanga fedha kidogo kidogo, wakapiga kura, na wale walioangukiwa na kura walikwenda kwa niaba ya wote. Tena walirundika vilima vidogo mle mle mjini kwa mfano wa Fuji, ili mzee na mgonjwa naye apate kupanda. Kwa watu kama hao mlima katika picha ulikuwa unasema waziwazi, kama vile jani la isale lisemavyo waziwazi kwa Mchaga apelekewapo na mtu aombaye amani. Mgeni akiliona jani lile ataona jani. Akiambiwa kwamba lina maana atasema, Kumbe, wana siri! Lakini hapana siri. Yeye tu ndiye mgeni.

Na lango ni vivyo hivyo. Torii huonyesha mpaka: upande huu ni mahali pa kila siku, upande ule ni mahali pa ibada. Kila mtoto wa Japani alilijua hilo kabla ya kujua kusoma.

Walakini hatusemi kwamba kila kitu katika picha ni ishara. Twamjua mtu (wala si mmoja) ambaye akipewa picha ataanza na kikapu: kikapu ni nafsi, chaza ni dhambi, mpini ni saburi, na mwisho hata kovu la ubao lililoachwa na kisu cha fundi atalifanya kuwa neno. Yafaa kuwa na kipimo. Sisi twatumia hiki: je, mchoraji alikuwa na njia nyingine, naye akaiacha? Kikapu kimo kwa sababu chaza huchukuliwa kwa vikapu. Hakuwa na la kufanya. Lakini mlima kuonekana katikati ya lango si jambo la lazima. Toka pale mpaka Fuji ni zaidi ya kilomita 100 kupita juu ya ghuba, na mtu akisogea hatua chache kuume au kushoto, nguzo itauziba mlima, au mlima utatoka nje ya lango. Hokusai alichagua mahali pa kusimama, au tuseme alichagua mahali pa kutusimamisha sisi, ili mpaka wa ibada na mlima wa kutokufa vipate kukutana mbele ya macho yetu. Hilo ni neno lililosemwa kwa kusudi.

Na sasa twafika penye mzigo wa shauri hili. Tulipowaonyesha wanafunzi picha hii mmoja wao aliuliza swali jepesi kuliko yote: Mbona hawa hawautazami mlima? Ni kweli. Hokusai amepanga kila kitu ili sisi tuutazame, na watu waliomo ndani ya picha wanatazama mchanga.

Jibu la upesi lilitolewa darasani, nalo ni jibu ambalo wengi wetu tungelitoa. Picha yawakemea. Yaonyesha wanadamu walioshughulika na tumbo, mbingu iko wazi mbele yao, lango limesimama, nao wameinamisha vichwa kama kuku wadonoao. Jibu hili lina sauti ya hekima, na mtu aweza kuhubiri kwalo nusu saa. Sisi twalikataa.

Twalikataa kwanza kwa sababu ya bahari. Msomaji wetu wa bara huenda hajui, lakini yule wa pwani anajua kwamba maji yakipwa hayamngoji mtu. Kuna saa chache za kuokota, na katika mwezi kuna siku chache za bamvua ambapo maji hurudi mbali kabisa; Wajapani walikuwa na siku zao maalum za kuokota chaza mwanzoni mwa mwezi wao wa tatu, kwa sababu hiyo hiyo. Ainamaye saa ile hadharau kitu. Anakwenda kwa saa ambayo hakuiweka yeye. Ukimwambia asimame autazame mlima, maji yatarudi, na jioni watoto wake watautazama mlima na njaa.

Tena twauliza, ni nani mwenye kuwakemea? Mnunuzi wa picha alikuwa mtu wa mji. Aliketi mkekani na karatasi yake mikononi, akauona mlima katika lango, akaburudika moyo; na huenda bakuli ya mchuzi wa chaza ilikuwa mbele yake. Mtu ambaye amekula kazi ya mgongo ulioinama, kisha akausema mgongo ule kwamba haukunyoka kuitazama mbingu, yafaa ajitazame.

Hokusai ana picha nyingine katika mfululizo huo huo, mashuhuri kuliko hii mara nyingi, nayo yatusaidia. Ni ile ya wimbi kubwa karibu na Kanagawa. Wimbi limeinuka kama mkono wenye makucha, chini yake mna mashua tatu ndefu, na Fuji ni kidogo katikati. Picha hiyo imekwenda dunia nzima. Mwaka 1905 iliwekwa, kwa namna iliyobadilishwa, juu ya kitabu cha muziki wa Debussy wa Ufaransa uitwao Bahari. Mwezi wa Machi 2023 karatasi moja iliuzwa mjini New York kwa zaidi ya dola milioni 2 na nusu, karatasi iliyonunuliwa zamani kwa bei ya tambi. Na tangu mwaka 2024 imo katika noti ya Japani ya yen 1,000. Watu wasema wimbi lile ni ishara ya nguvu za ulimwengu, wengine ni ishara ya mauti, wengine ya nyakati zilizokuwa zinakuja. Yote yaweza kusemwa. Lakini uliza watu kumi, Mashua zile zilikuwa na kazi gani? Utaona wangapi watajibu. Zilikuwa mashua za mbio za kupeleka samaki wabichi Edo. Watu wa mji walitaka samaki wa kwanza wa msimu, nao walilipa bei kubwa, basi wapiga makasia walikimbizana katika bahari yoyote. Wamo mle, wamelala juu ya makasia yao, vichwa vimeinama vile vile kama vya waokota chaza. Maana kubwa imewafunika kuliko wimbi.

Hii ndiyo hatari tunayotaka kuisema. Ishara huweza kukila kitu kilichoibeba. Wala si katika picha tu. Katika vijiji vyetu yuko mjane ambaye kila mtu humsifu kwa uvumilivu. Hutajwa katika mikutano. Wazazi huwaambia binti zao, Mtazameni yule. Amekuwa mfano. Na kwa kuwa amekuwa mfano, hapana aulizaye kama paa lake lavuja, maana paa lisipovuja uvumilivu wake utakuwa wa nini? Twasema neno gumu, lakini tumeliona kwa macho. Kadhalika yule mchukuzi wa mizigo ambaye wasomi humwita nguvu ya nchi, na malipo yake yakicheleweshwa hawana habari. Kumfanya mtu kuwa ishara ni njia moja ya kumheshimu, na ni njia moja ya kutomwona. Na zote mbili zaweza kufanywa na mtu yule yule, kwa maneno yale yale.

Mtu aweza kutujibu kwamba mifano ya Injili yenyewe hutumia wavuvi, na wapanzi, na mwanamke atiaye chachu. Naam, nasi twalishukuru jibu hilo, kwa sababu latuunga mkono. Wavu katika mfano ni wavu wa kweli: una uzito, huvutwa pwani, samaki huchaguliwa kwa mkono, wabaya hutupwa. Msikiaji asiyejua kuchagua samaki hawezi kujua habari ya hukumu iliyosemwa hapo. Kitu lazima kiwe kitu kwanza. Mfano ukimharakisha msikiaji avuke juu ya wavu kama avukavyo dimbwi, umevunjika kabla ya kufika.

Na wale wa pili je, wasemao picha ni picha tu? Wao watafurahi kusikia tunavyowatetea waokota chaza, watasema, Sawasawa, ni chaza na watu na mlima, tuache maneno. Hatuwezi kwenda pamoja nao. Maana kusema kwamba wale watu wana tumbo tu, na ishara ni za wenye nafasi, ni kuwadharau kwa njia ya pili, nayo ni mbaya kuliko ya kwanza. Torii lile halikuota lenyewe baharini. Watu wa pwani ile ndio waliokuwa na mahali pale pa ibada. Mti wa kusimama katika maji ya chumvi huoza, nao hupasa kubadilishwa, na hapana aubadilishaye isipokuwa yule akaaye karibu. Kwa hiyo wanaoinama chini ya lango si watu wasiojua lango. Ni wenye lango.

Hapo swali la mwanafunzi wetu lapata jibu jingine. Hawautazami mlima kama vile mtu asivyoutazama mlango wa nyumba yake. Mgeni husimama akauangalia, akausifu kwa nakshi zake; mwenyeji hupita. Je, twaweza kusema ya kuwa mgeni anaujua mlango kuliko mwenyeji? Kuna ishara ambayo mtu huitazama, na kuna ishara ambayo mtu hukaa ndani yake, na hii ya pili haionekani usoni pake. Mama apigaye alama ya msalaba juu ya unga kabla ya kusonga ugali haukazii macho mkono wake. Akianza kuukazia macho, twadhani ameona watu wanamtazama.

Twajua ya kwamba msomaji mmoja au wawili watatuuliza kama yafaa Wakristo kuketi na kupima lango la ibada isiyo yetu. Twajibu kwa kifupi. Kujua maana ya lango si kupita chini yake. Tena yule asiyetaka kujua jirani yake aheshimu nini hataweza kumwambia la kwake likasikika.

Limesalia neno moja juu ya Hokusai mwenyewe, kwa kuwa huenda tumemwonea. Je, yeye alitaka tuwasahau watu? Twaona hakutaka. Ukiutazama mfululizo wote utawakuta kila mahali: mtengeneza mapipa ndani ya pipa lake kubwa, wapasua mbao, wasafiri waliopeperushiwa karatasi na upepo, wachemsha chumvi ufuoni. Na mara nyingi mlima ni mdogo, na watu ni wakubwa. Yule mtengeneza mapipa amechorwa hivi kwamba Fuji imo ndani ya duara la pipa lake, kitu kidogo kiwezacho kufunikwa kwa kiganja, naye anapiga randa hana habari. Mchoraji aliyetaka kuutukuza mlima tu asingalifanya hivyo. Huyu alikuwa mwana wa mji, alifanya kazi kwa mikono mpaka siku zake za mwisho, na katika uzee wake aliandika kwamba hakuchora kitu cha maana kabla ya miaka 70, akatumaini kufika 110 ili kila nukta yake iwe hai. Mtu wa namna hiyo anamjua aliyeinama. Hata hivyo yafaa kukumbuka kwamba katika picha pana jina lake, wala hapana jina la aliyeuchonga ubao, wala la aliyesugua karatasi.

Ufuo wa Noboto leo umo katika mji wa Chiba. Katika karne ya 20 pwani ile ilijazwa udongo ili kupata nchi ya kujengea, bahari ikasogezwa mbali, na mahali pa kuokota chaza pamekuwa barabara na majumba. Siku ya anga safi Fuji ungali waonekana ng'ambo ya ghuba. Malango yenye umbo lile yako kwa maelfu katika nchi yote ya Japani, atakaye kuliona moja hatakosa. Lakini atakaye kujua watu wa pwani ile waliinamaje, walifunga nguo zao namna gani walipoingia majini, na vikapu vyao walivichukuaje, hana budi kurudi kwenye karatasi ile ya sentimita 38, aiweke karibu na dirisha, aanze kutazama chini kushoto.